Uzi: Hadithi huwa zinatoka wapi? Nimekwama ukurasa wa 41

#1 Askari wa Zamu
Habari za usiku wakuu.

Mimi ni askari wa ulinzi, nalinda jengo moja hapa Wandegeya, Kampala, zamu ya usiku, saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Huu mwaka wa pili naandika hadithi kwenye kaunta buku, ile nene yenye jalada jeusi na mgongo mwekundu. Nimefika ukurasa wa 41 na hapo nimekwama tangu Pasaka.

Majuzi nilikwenda kumsikiliza mwandishi mmoja wa riwaya akizungumza na vijana. Kijana akamuuliza, hadithi zako huwa unazitoa wapi? Mwandishi akacheka. Akasema habari za kungoja msukumo ni kisingizio cha wavivu, kaa kitini kila siku uandike maneno 500, basi. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Kukaa kitini ndiyo kazi ninayolipwa! Usiku kucha niko kitini na neno haliji.

Hadithi yenyewe: kuna mama anauza roleksi (chapati iliyokunjwa na mayai) karibu na steji ya boda. Kila usiku mwanamume mmoja ananunua mbili. Moja anaila palepale amesimama, ya pili anafungiwa kwenye kavera, ule mfuko wa plastiki, anaondoka nayo. Miezi sita hivyo. Halafu usiku mmoja hakuja. Mpaka hapo nilikuwa naandika kama mtu anayeimbiwa. Baada ya hapo kimya.

Wenye uzoefu nisaidieni: hadithi hutoka wapi, na ikikauka unaifanyaje? Wenye utani pia karibuni, ila mkimaliza kucheka mnikumbuke.

#2 Cherehani ya Bombo
Afande, pole na hongera. Kurasa 41 si mchezo. Humu ndani kuna watu wana "riwaya" tangu 2015 na mpaka leo ni jina la kitabu tu. (Mnajijua.)

Mimi nipo upande wa huyo mwandishi. Ni fundi wa nguo. Mteja akiniletea kitambaa cha gomesi sijiulizi kama leo nina msukumo wa kushona gomesi. Naandika saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka, nusu saa, siku nyingine mistari minne. Nyingi ni takataka. Lakini takataka ya leo kesho nitaipiga pasi. Ukurasa mtupu utaupiga pasi ya nini?

#3 Mzee wa Masindi
Salaam wote.

Cherehani kasema nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kujua wakati wa kuinuka. Ernest Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, alikuwa na kawaida ya kuacha kazi akiwa bado anajua kitakachofuata, ili asubuhi aanzie hapo. Hakukombeleza chungu. Nadhani wewe Afande usiku ule jamaa alipokosa kuja uliandika mpaka tone la mwisho, ukafunga daftari umefurahi, na kesho yake ukakuta kumekauka.

Na huyo Hemingway si mgeni kwetu. Januari 1954 ndege aliyopanda ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison. Boti ikawachukua hadi Butiaba, wakapanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto ilipojaribu kuruka. Magazeti ya dunia yakatangaza kafa. Kumbe anakuja Masindi kwa gari, mzima ingawa kaumia.

#4 Konda Mstaafu
Mzee shikamoo. Mimi nilisikia ndege iliangukia Entebbe.

Halafu samahani, mtu kaanguka na ndege mbili kwa siku mbili, mnasema anaandika kwa kawaida nzuri? Huyo alikuwa na cha kuandika! Afande wetu kila usiku anatazama geti. Geti halina hadithi.

#5 Mzee wa Masindi
Marahaba. Si Entebbe, huko alifikishwa baadaye. Butiaba iko huku kwetu ukingoni mwa Ziwa Albert.

Na hoja yako ndege zenyewe zinaikataa. Zilimpa makala ya jarida moja la Marekani na maumivu ya mgongo na kichwa. Mwaka huohuo akapewa Nobel, kwa kazi alizokwisha kuandika zamani, na hakuweza hata kusafiri kwenda kuichukua kwa sababu ya majeraha. Riwaya ya Butiaba iko wapi? Haipo. Kuanguka hakukuzaa kitu, kukaa kulizaa.

#6 Konda Mstaafu
Nimesahihishwa, sijashindwa.

Nilikuwa konda miaka tisa, Kampala–Jinja. Nakwambia hadithi ziko kiti cha nyuma cha teksi. Siku moja abiria wa kike, kanyamaza tangu Mukono, simu ikalia, akasikiliza, akasema neno moja tu: "Mwambie sijafa, lakini asije." Akakata. Akashuka Lugazi akasahau chenji yake.

Hilo sentensi niliandika kiganjani kwa biki. Kufika Jinja, jasho na noti zilikuwa zimefuta nusu, lakini nusu iliyobaki nimekula nayo miaka minne. Nimeiandikia hadithi tatu tofauti, kila moja na mtu mwingine upande wa pili wa simu. Kwa hiyo jibu langu Afande: hutoki nayo kichwani, unaiokota. Tega sikio.

#7 Cherehani ya Bombo
Konda, huo ni umbea.

#8 Konda Mstaafu
Umbea ukiwekewa nukta na mkato unaitwa fasihi.

#9 Mwalimu wa Bwera
Nimecheka darasani, wanafunzi wananitazama.

"Hilo sentensi" Konda? Hiyo sentensi. Haya.

Nafundisha Kiswahili sekondari, huku mpakani. Afande, watu wanakuuliza unakaaje na unasikia nini, hakuna aliyekuuliza unasoma nini. Kisima hakijazwi kwa kutekwa. Kila mwaka wanafunzi wangu wachache wanataka kuwa waandishi, na nikiwauliza kitabu cha mwisho walichosoma bila kuamrishwa na mtihani, wananitajia nyimbo.

Jambo la pili, tunapiga ramli bure. Tuwekee hapa aya moja, ile ya usiku jamaa alipokosa kuja. Daktari hatibu kwa kusimuliwa.

#10 Askari wa Zamu
Asante Mwalimu. Nasoma ninachopata: magazeti ya jana wanayoyaacha ofisini, Biblia ya Kiswahili, na riwaya mbili za Kitanzania nilizonunua mitumba. Mojawapo haina kurasa za mwisho, kwa hiyo mwisho niliutunga mwenyewe.

Aya ndiyo hii, msinicheke sana:

"Ghafla bin vuu, mwanamume yule hakutokea. Mama Roleksi aliitazama barabara kwa macho yaliyojaa majonzi tele. Moyo ulimdunda du du du. 'Ewe Mola wangu,' alisema, 'amepatwa na masaibu gani mja wako huyu? Laiti ningalijua makazi yake, ningalimwendea hima!' Machozi yakamtiririka njia mbilimbili."

#11 Konda Mstaafu
"Ningalimwendea hima." Afande, huyu mama kahamia Wandegeya kutoka Lamu lini?

#12 Mtoto wa Kambi
Konda umeniua 😂😂

#13 Cherehani ya Bombo
Mimi nina swali dogo tu. Mtu anawezaje kutokutokea ghafla? Kutokea ndiyo kwa ghafla. Kutokutokea ni polepole. Saa tatu hajaja, unasema kachelewa. Saa nne, labda mvua. Saa tano unaanza kuona aibu kwamba ulikuwa unamngoja.

#14 Mwalimu wa Bwera
Cherehani, njoo ufundishe darasa langu.

Hapo ndipo Afande ulipokwama, na si ukurasa wa 41, ni mstari wa kwanza wa aya hii. Umemwambia msomaji kwamba mama ana majonzi tele, basi habari imekwisha, utaongeza nini? Majonzi yakishatajwa hayana pa kwenda. Ningekuwa wewe ningefuta majonzi, moyo, machozi, na Mola nimwache apumzike. Ningeuliza: mikono ya mama ilikuwa inafanya nini? Chapati ya pili alikwisha kuikaanga kwa mazoea, au aliikumbuka mkononi? Kama kaikaanga, ameiweka wapi? Amemuuzia nani?

"Ghafla bin vuu" tunaifundisha sisi wenyewe shuleni, kwenye insha. Mtoto akiiandika tunampa alama. Kosa ni letu.

#15 Mpenda Sanifu
Mwalimu unamvunja moyo kijana. Lugha yake ni tamu, ina tamathali. Siku hizi watu wanataka kila kitu kiandikwe kama ujumbe wa simu. Waandishi wakubwa walitumia "laiti" na "hima" na hawakuchekwa.

#16 Askari wa Zamu
Wakuu, badala ya kujibu nilifanya alichosema Mwalimu. Usiku huu nimeomba mwenzangu anishikie geti dakika kumi na tano, nikaenda kumtazama mama mwenyewe. Miaka miwili namwandika, kumbe sijawahi kumtazama.

Anavunja yai kwenye ukingo wa kikombe cha plastiki cha kijani ambacho hakina mkono. Mayai mawili. Kitunguu, nyanya, kabichi, vyote alikwisha kuvikata mchana, viko kwenye ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa. Chumvi anatia kwa vidole vitatu. Anakoroga kwa uma, haraka sana, na mlio wake nausikiaga mpaka getini kwangu bila kujua ni nini, nilidhani ni chuma cha bodaboda. Anamimina, anasubiri, analaza chapati juu ya yai likiwa bado linatetemeka, anageuza vyote pamoja, anakunja.

Jambo ambalo sikulijua: mkono wa kulia ukiwa kwenye kikaango, wa kushoto unachambua makavera. Yanagandana, kwa hiyo anayafungua mapema, anayapulizia hewa kidogo na kuyatundika kwenye msumari. Mteja akifika kavera lipo wazi. Usiku huu palikuwa na moja limetundikwa peke yake kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa unaliingia na kutoka.

#17 Cherehani ya Bombo
Afande. Hilo kavera. Usiliguse, usilieleze, liache hapo hapo msumarini.

#18 Mzee wa Masindi
Naam. Sasa nenda kaandike, na usiandike yote.

#19 Nyota ya Kyangwali
Bandugu, aksanti kwa uzi huu. Miye ninaishi kambi ya wakimbizi Kyangwali, nilitoka Ituri, Kongo. Ninasoma tu siku zote, leo nimeona na miye niseme.

Wamesema kukaa, wamesema kusikia, wamesema kusoma. Kwangu hadithi ilitoka kwa uchungu. Mwanzo wa 2018 tulivuka Ziwa Albert na mtumbwi, watu wengi walivuka ule wakati, tukatua Sebagoro. Nilipopata daftari niliandika yote kwa juma moja. Nikawapa watu wasome, wakalia. Nikadhani nimeandika vizuri. Hapana, walilia sababu na wao walivuka.

Miaka mitatu nyuma yake nikaisoma tena, ilikuwa kilio tu, haina mtu ndani. Nikaanza upya na sufuria. Mama yangu alivuka na sufuria kichwani yenye mfuniko, na katika mtumbwi alikatala kuifungua. Watu wakadhani ni chakula, wakaanza kumchukia. Kurasa kumi ni sufuria ile tu. Ndiyo hadithi pekee yangu ambayo mtu asiyevuka ameipenda.

Kwa hiyo uchungu unaleta hadithi, lakini unaileta ikiwa mbichi. Afande, pengine haijaiva tu. Pasaka ni juzi.

#20 Konda Mstaafu
Dada Nyota, sufuria ilikuwa na nini?

#21 Nyota ya Kyangwali
Ukurasa wa kumi na moja 🙂

#22 Mpenda Sanifu
Hadithi nzuri, ila "miye", "alikatala", "sababu na wao". Ndiyo maana nasema tujifunze kwanza lugha sanifu. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Uganda tangu 2022, tukiandike kama watu wenye lugha rasmi.

#23 Mwalimu wa Bwera
Mpenda Sanifu, tuwekane sawa. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili kwenye marekebisho ya katiba ya 2005. Cha Julai 2022 kilikuwa uamuzi wa baraza la mawaziri kwamba kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Kati ya hapo ni miaka 17 ya usingizi.

Na Nyota mwache. Mimi ndiye mwenye kalamu nyekundu hapa na simsahihishi. "Alikatala kuifungua" ni sauti ya mama yule. Ukiandika "alikataa katakata kuifunua" umemtoa mtumbwini.

#24 Mtoto wa Kambi
Hapa ndipo penye mfupa wenyewe. Nimezaliwa kwenye kambi ya jeshi, baba Mlugbara, mama Mteso. Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu, niliyotukaniwa na niliyobembelezewa. Lakini nikikisema kwenye duka la Kampala mtu ananiangalia mikono kama nina bunduki. Wazee wao walikisikia kwa askari na kwa wezi, hawakukisikia kwa bibi anayesimulia.

Sasa Mama Roleksi wa Afande anasema Luganda. Mteja wake pengine anasema Runyankole. Afande anaandika Kiswahili. Je, mama atasema nini kinywani mwake? Ukimpa Kiswahili cha Unguja anakuwa Mswahili wa pwani. Ukimpa Kiswahili kibovu unamfanya mjinga, na yeye katika Luganda yake ni hodari kuliko sisi sote.

#25 Konda Mstaafu
Mimi ningemwacha aseme "ssebo", "nyabo", "bambi", "kale", mengine yawe Kiswahili chepesi. Msomaji wa Dodoma atajijua.

#26 Mpenda Sanifu
Na msomaji wa Dodoma asipojijua? Weka faharasa nyuma ya kitabu.

#27 Mtoto wa Kambi
Sisi tulisoma vitabu vya Kiingereza shuleni vyenye theluji na hakuna aliyetuwekea faharasa. "Bambi" ataielewa akiisikia mara tatu.

#28 Mzee wa Masindi
Ugomvi huu ni mkubwa kuliko huu uzi. Juni 1962 pale Makerere walikusanyika waandishi wa Kiafrika: Achebe, Soyinka, na Ngugi akiwa bado mwanafunzi palepale chuoni, ambaye alimpa Achebe muswada wake ausome. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Wa lugha zetu hawakuwamo. Shaaban Robert hakuwamo.

#29 Konda Mstaafu
Mzee, Shaaban Robert si alikuwa amekwisha kufariki?

#30 Mzee wa Masindi
Alifariki Juni hiyohiyo ya 1962. Lakini hata angekuwa mzima kama chuma, mlango ulikuwa na kipimo, na kipimo kilikuwa Kiingereza. Ngugi mwenyewe alikuja kuyalalamikia hayo baadaye. Akafungwa Kamiti, na mwaka 1978 akaandika riwaya kwa Kigikuyu gerezani humo juu ya karatasi za chooni.

#31 Cherehani ya Bombo
Karatasi za chooni! Na kuna mtu hapa juzi kasema hawezi kuanza mpaka anunue laptopu.

#32 Mtoto wa Kambi
Kwa upande wetu yupo Okot p'Bitek. Shairi lake refu la Lawino lilianza kwa Kiacholi, Kiingereza kikafuata 1966. Mama yake alikuwa mtunzi na mwimbaji mashuhuri wa nyimbo. Kwa hiyo kwa swali la Afande la "hutoka wapi", pale jibu ni rahisi: ilitoka kwa mama, kwa lugha ya mama, na kwa mdundo. Alikwenda Olimpiki na timu ya mpira akiwa pekupeku, akabaki Uingereza kusoma.

#33 Mwalimu wa Bwera
Si Olimpiki. Ilikuwa ziara ya timu ya Uganda huko Uingereza, 1956. Pekupeku ni kweli.

Ila tusifanye mama wa kuimba kuwa sharti. Mama yangu hakuimba, alihesabu kahawa kwa makopo. Nami naandika.

#34 Konda Mstaafu
Ndiyo maana hadithi zako zina hesabu nyingi.

#35 Chipukizi wa Lira
Habari zenu. Nimesoma yote. Samahani kwa swali la pembeni: nikimaliza muswada niupeleke wapi? Mwaka juzi nilimpa mchapishaji mmoja nakala yangu pekee niliyoandika kwa mkono, akasema atanipigia. Nilipokwenda kuuliza, ofisi imekuwa saluni.

#36 Cherehani ya Bombo
Pole sana mdogo wangu. Nakala PEKEE? Hata shati silikati kabla sijachora karatasi. Piga picha kila ukurasa kwa simu, jitumie mwenyewe kwa barua pepe. Afande na wewe, hilo kaunta buku likinyeshewa?

Mahali pa kuanzia: kama uko Kampala nenda FEMRITE pale Kamwokya, chama cha wanawake waandishi kilichoanza miaka ya tisini. Nilihudhuria klabu yao ya wasomaji na waandishi ya Jumatatu, na wanaume wanakaribishwa. Siku ya kwanza walinisomea hadithi yangu mbele yangu, wakanyamaza, kisha bibi mmoja akauliza, "Huyu Zaituni anakula saa ngapi?" Kurasa kumi na nane, mtu wangu hajala. Nilirudi Bombo nimenuna. Zaituni sasa anakula.

Ila kwao kazi nyingi ni Kiingereza, uwe tayari. Kwa Kiswahili kuna tuzo ya Cornell inayopokea miswada ya riwaya na mashairi, ilianza kama Mabati-Cornell miaka kumi na zaidi iliyopita. Fuatilia tangazo lao.

#37 Mzee wa Masindi
Na kukataliwa kusikuue, Chipukizi. Jennifer Makumbi, Mganda mwenzetu, aliandika riwaya yake Kintu miaka mingi, wachapishaji wa Uingereza wakaikataa. Ikashinda shindano la miswada la Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, mwaka 2013, ikachapwa 2014, na mwaka huohuo akashinda tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola. Hao waliokataa baadaye walikuja kuinunua dukani kama sisi.

#38 Konda Mstaafu
Turudi kwa Afande kabla hajalala kitini. Mimi nataka kujua: roleksi ya pili ilikuwa ya nani? Mwandishi lazima ajue, hata kama hasemi. Nakisia: mgonjwa wa hospitali ya Mulago. Ni kutembea tu kutoka hapo.

#39 Mtoto wa Kambi
Mulago kila mtu ataikisia. Ni ya mbwa.

#40 Cherehani ya Bombo
Mbwa roleksi ya mayai mawili kila usiku miezi sita? Ni ya mke. Kanuna, hapiki.

#41 Nyota ya Kyangwali
Ni yake mwenyewe, ya asubuhi. Anaona haya kusema hana mtu.

#42 Mwalimu wa Bwera
Nyota ana kipaji cha kuumiza.

Napinga lakini kwamba mwandishi lazima ajue. Mimi nikijua mwisho, mkono unakuwa karani. Naandika ili nijue.

#43 Cherehani ya Bombo
Na mimi nisipojua ni suruali au sketi, nakata nini?

#44 Konda Mstaafu
Kuna kitu kimenijia tangu jana. Afande, ulisema mlio wa uma unausikia mpaka getini. Zamu yako inaanza saa kumi na mbili jioni, huruhusiwi kutoka, juzi tu uliomba dakika kumi na tano kama mtu anayeomba likizo. Miaka miwili. Wewe usiku huwa unakula nini?

#45 Mtoto wa Kambi
Konda!!

#46 Nyota ya Kyangwali
Ee Mungu. Tangu Pasaka.

#47 Askari wa Zamu
Samahani wakuu kwa kuchelewa, nilikuwa naandika. Nimefika ukurasa wa 46. Simu imebaki asilimia nne, nitakuwa mfupi.

Konda, swali lako nimeliona. Lipo ukurasa wa 43.

Leo kabla ya zamu nilikwenda kwa mama na daftari. Nikamwambia nimeandika habari zake, nikamsomea kwa Luganda, natafsiri papo hapo, yeye anakaanga. Hakusema kitu. Kwenye kavera kutundikwa msumarini aliacha kukoroga kidogo, kisha akaendelea. Nilipomaliza nikamuuliza, nyabo, unaonaje?

Akasema nimekosea bei. Nimeandika 2,000. Mayai mawili, chapati moja, sasa ni 3,000, na kwamba watu wakisoma hicho kitabu watakuja kumsumbua.

#48 Konda Mstaafu
3,000?! Wandegeya mmeharibika. Huku Mukono bado 2,500.

#49 Cherehani ya Bombo
Za mayai madogo hizo.